Kiraka cha Kisigino

Kidonda changu cha kisigino kimekataa katakata kupona tangu mwaka jana. Leo muuguzi amekibandika kiraka chembamba kama ganda la kitunguu. Nikamuuliza ni kitu gani hicho.

"Ni utando unaomfunika mtoto tumboni, baba. Hutoka pamoja na kondo la nyuma. Mzazi mmoja aliutoa kwa hiari, ukasafishwa na kupimwa."

Nikavuta mguu, nusura nimpige nao teke.

"Uchafu wa uzazi wa mtu, mwilini mwangu? Bandua! Bandua sasa hivi!"

Mama yangu, aliyekuwa akisinzia kitini pembeni, akafumbua jicho moja.

"Hebu tupunguzie kelele. Ndani ya utando kama huo ulikaa miezi tisa bila kulipa kodi, na siku ya kutolewa ulilia."