Pingamizi la Linah

Rahab alitaka arusi isiyo na hema. Ile ya kwanza, ya ujana wake huko Elburgon, ilikuwa na mahema matatu na msafara wa magari ya kuazima, na mpaka leo alichokumbuka zaidi ni viatu vilivyombana. Bwana wake alipofariki, alimlea mwanawe Lewis peke yake kwa duka la agrovet, la dawa na vyakula vya mifugo, pale Kiamunyi, wala hakuwaza tena habari za kuolewa.

Kisha akatokea Kosgei, mgane mwenye ng'ombe wanne, ambaye kila wiki alinunua chumvi nyingi kuliko ng'ombe wale wangeweza kulamba. Akanunua hivyo karibu mwaka mzima. Mwishowe Rahab akamwambia, "Mzee, kama kuna neno lingine, sema. Hao wanyama watakufa na kiu." Kosgei akacheka mpaka akavua kofia, halafu akalisema.

Wakaafikiana waende kwa msajili wa ndoa mjini, kimya kimya. Aibu hawakuwa nayo. Ila Rahab alikuwa Mkikuyu na Kosgei Mkalenjin, na mwaka ule wa vurugu za uchaguzi, watu wa makabila yao walipochomeana nyumba, wote wawili walikuwa watu wazima, macho wazi. Kosgei alikuwa na dada mmoja tu, Linah, kule juu Olenguruone. "Nitamwambia baadaye," alijibu kila alipoulizwa, na kwa kuwa Rahab naye aliogopa, hakumsukuma.

Siku ilipofika, Rahab alivaa gauni la buluu alilojishonea. Shahidi wake alikuwa Lewis, na shahidi wa Kosgei alikuwa jirani yake, Kang'ethe, mtu mnene mpole aliyekwisha kuuliza mara mbili watakula wapi. Chumba cha ofisi kilikuwa na meza, bendera na viti vya plastiki. Nyuma walikaa bibi na bwana arusi wengine, vijana, wakingoja zamu yao huku wakipigana picha.

Msajili, mama mwenye miwani na sauti ya kituo, alisoma majina yao, kisha akauliza, "Kuna mtu yeyote hapa anayejua sababu ya kuwazuia hawa wawili wasioane?"

"Niko."

Vichwa vyote viligeuka. Mlangoni alisimama mama mrefu, mkavu, mwenye kitambaa cha kichwa cha kijani na kiondo begani. Rahab hakuwahi kumwona, lakini alipotazama uso wa Kosgei ulivyobadilika, alijua.

"Linah," Kosgei alisema kwa sauti ndogo.

"Wewe nyamaza kwanza," mama yule alimjibu, akaja hadi mbele ya meza. "Mimi napinga."

Msajili alivua miwani. "Mama, huyu ana mke mwingine?"

"Hana. Alikufa, tukamzika."

"Ni ndugu wa damu na huyu bibi?"

"Hapana."

"Kuna mmoja amelazimishwa?"

"Mwangalie. Huyo anaonekana mtu wa kulazimishwa?"

Vijana wa nyuma wakacheka, kisha wakajizuia.

"Sasa unapinga nini, mama?"

"Napinga kufichwa. Mama yetu alipokufa huyu alikuwa anatambaa. Nilimbeba kwa mgongo hii nikienda kuteka maji. Hiyo tangazo yenu ilikaa kwa ubao wiki tatu, kila mpita njia akisoma jina ya ndugu yangu, na mimi nikaambiwa na mtoto wa jirani."

"Pole, mama. Lakini hiyo si sababu ya kisheria. Bwana, bibi, tunaweza kuendelea."

Kosgei alikuwa ameinamia kofia yake kama mtu anayetafuta kitu ndani. Rahab alimtazama, akamtazama Linah, ambaye kidevu chake kilikuwa kinatetemeka.

"Tafadhali," Rahab alimwambia msajili, "wapishe hawa vijana watutangulie. Mama, njoo tukae nje kidogo."

Wakakaa kwenye benchi la saruji ukutani. Linah aliweka kiondo mapajani.

"Wewe ni wa wapi?"

"Kiamunyi."

"Kabla ya hapo."

"Elburgon. Tulikuwa na shamba."

"Mlikuwa," Linah alisema.

"Tulikuwa."

Upepo ulipita na vumbi. Linah alijifuta macho kwa pembe ya kitambaa. "Mimi walichoma nyumba na mahindi nikiona. Sijui kama ni watu wako."

"Na mimi sijui kama waliokuja kwetu ni wako."

Hakuna aliyemlaumu mwenzake, wala hakuna aliyejitetea. Rahab alishangaa kuona kwamba neno alilolikwepa miaka yote lilikuwa limesemwa, na bado amekaa.

"Kosgei alifikiri nitakataa kwa sababu ya hiyo maneno," Linah alisema.

"Ungekataa?"

"Kwa simu, ningekataa. Kwa simu mtu anakataa tu. Ndiyo nikasema nije nione mtu mwenyewe." Akafungua kiondo na kutoa kibuyu cha mursik, yale maziwa ya mgando ya sherehe za kwao, kimefungwa vizuri kwa leso.

Rahab alikitazama. "Mama, ulikuja kupinga arusi na maziwa?"

"Nilibeba yote mawili. Sikuwa nimeamua ni gani nitatoa."

Rahab alianza kucheka, akaziba mdomo, lakini Linah naye alikuwa anacheka, mabega yakipanda na kushuka. Lewis alichungulia mlangoni kuona kama wanapigana.

"Niitie huyo ndugu yangu," Linah alimwambia.

Kosgei alitoka na kofia mkononi, akasimama mbele ya dada yake kama mwanafunzi.

"Nimekosa," alisema.

"Umekosa. Sasa sema vile ungesema kama ungekuja nyumbani."

Kosgei aliinua uso. "Linah, nimepata mtu wa kukaa na mimi. Anaitwa Rahab. Nataka umjue."

"Nimeshamjua. Nimemjua bila wewe." Akainuka. "Na nani anasimama upande wetu?"

Kang'ethe, aliyekuwa amewafuata, aliinua mkono. "Ni mimi, lakini nakuachia, mama. Mimi chakula kinanitosha."

Vijana walipomaliza, msajili alikagua kitambulisho cha Linah, akaandika jina lake, akaanza upya. Alipofika kwenye swali lile, akasita, na chumba kizima kikamtazama Linah.

"Mnaniangalia nini?" aliuliza. "Mimi ni shahidi."

Basi wakaapa, wakavishana pete, wakatia sahihi. Linah aliandika jina lake polepole, herufi kubwa kubwa, akaliangalia, akaridhika. Huko uani mursik ilizungushwa kwa kifuniko cha kibuyu. Lewis alikunja uso, akanywa, akaomba tena.

Walipokwenda kutafuta chakula, Linah alimpa Kosgei kiondo abebe. Barabara kubwa ilikuwa na magari mengi, akamshika Rahab mkono ili wavuke. Upande wa pili alianza kumuuliza kama anajua kukamua, na Rahab alipokuwa akijibu, mkono ule ulikuwa haujamwachilia.