Kiraka cha Mkono wa Kushoto

Dada yangu Sundus alinipigia simu Jumamosi, siku ya arobaini na moja tangu tumzike Mama. Hakunisalimia.

"Kesho uje na boksi lako la vifaa," alisema. "Sikuiti utengeneze gari. Nataka ulipime, halafu uniambie kama ni mimi."

"Kama ni wewe nini?" Nilijifanya sielewi.

"Kaka Tajudin, usinichezee." Akakata simu.

Nilielewa vizuri sana. Alasiri ile ya mvua Mama alibanwa na pumu, na Sundus, ambaye ndiye aliyebaki kuishi naye, alimpakia kwenye gari kumkimbiza hospitali. Kwenye foleni ya Namirembe Road gari likazimika. Akaliwasha, likasogea hatua mbili, likazimika tena. Mara nne hivyo hivyo. Mara ya tano stata ilikohoa ikanyamaza. Askari wa trafiki akamsaidia kulisukuma hadi pembeni, wakamsimamisha mtu wa bodaboda, na Mama akakalishwa katikati, Sundus nyuma akimshikilia kwa mikono miwili. Walipofika hospitali kichwa cha Mama kilikuwa kimelala mgongoni kwa yule dereva, na pumzi haikuwepo tena. Sundus anasema hakumbuki mvua wala njia. Anakumbuka honi tu. Magari yote ya nyuma yalimpigia honi.

Msibani niliwaambia watu kwamba siku yake ilikuwa imefika. Niliyasema maneno hayo kwa kila aliyenipa mkono, isipokuwa dada yangu. Mimi ni fundi wa magari Kisenyi mwaka wa ishirini na mbili sasa, na nilikuwa na hukumu yangu mfukoni. Siku mbili kabla ya msiba Sundus aliishiwa petroli Kabalagala akanunua ya kwenye chupa ya maji, kwa mtu asiyemjua. Alinieleza mwenyewe huku analia. Ningeweza kumwambia hapana, si hilo. Nilinyamaza. Siku arobaini nilikwenda kwenye nyumba ile kusoma Kurani na wenzangu, na siku arobaini nikaondoka bila kunywa hata maji yaliyotoka mkononi mwake. Ndivyo nilivyo. Wengine wakikasirika wanapiga kelele, mimi hunyamaza, na kunyamaza kwangu ni kubaya kuliko kelele.

Jumapili asubuhi nilifika nyumbani Old Kampala na betri nzima niliyoitoa gereji. Gari lilikuwa uani chini ya turubai, Carina ya mwaka tisini na nne ambayo Baba alituachia. Mama alijifunza kuendesha akiwa na miaka hamsini, eda ya Baba ilipokwisha, ili aweze kwenda kusomesha wasichana Kurani bila kumsumbua mtu. Hilo lilikuwa neno lake la kila siku, kutomsumbua mtu. Wanafunzi wake walimwita Maalim Rahima, na walijua sauti ya gari lake tangu likiwa mtaa wa pili.

Sundus alikuwa amekonda. Alinisalimia, "Shikamoo, Kaka," nikaitikia nikitazama turubai.

"Ingia ukae kwenye usukani," nilimwambia. "Ukisikia nasema washa, washa."

Nilifungua boneti, na boneti ikiwa wazi hatukuonana tena. Nakiri nilifurahia hilo.

Nilianza na petroli kwa sababu ndiyo niliyoitaka iwe na hatia. Nilifungua paipu kwenye filta nikakinga kwenye chupa ya jamu, nikaiweka juu ya ukuta itulie. Petroli yenye maji hujigawa, maji hushuka chini na unaona mstari. Nilingoja. Niliitikisa, nikangoja tena. Nilitamani kuuona mstari ule. Namuomba Mungu anisamehe, nilitamani sana.

"Ni chafu?" Sundus aliuliza kutoka ndani.

"Ni safi."

"Kweli, Kaka?"

"Nimesema ni safi." Nilisema kwa ukali, kama mtu aliyenyang'anywa kitu.

Nikafungua plagi zote nne nikazipanga juu ya gazeti kwa mpangilio wake. Plagi moja ikiwa mbovu hujitenga na wenzake kwa rangi. Hizi zote zilifanana, zote nyeupe-nyeupe. Maana yake injini ilikuwa inavuta hewa mahali pasipostahili. Nilizirudisha, nikafunga betri, nikamwambia awashe.

Gari likiwa bado baridi lilinguruma vizuri tu, hadi nikaanza kufikiri tumekuja kulionea. Lakini lilipopata moto, mngurumo ulianza kuyumba. Ukashuka, ukapanda, ukashuka. Kisha gari zima likatetemeka, na kile chuma kinachoshikilia boneti kikawa kinagonga.

"Ongeza mafuta kidogo." Akaongeza, mtetemo ukaisha. "Achia." Ukarudi.

"Ndivyo ilivyokuwa siku ile?" nilimuuliza.

"Hivyo hivyo. Ikitembea haina neno. Ikisimama ndiyo inamisi na kutetemeka."

"Kanyaga breki."

"Ngumu," alisema, na sekunde ileile injini ikafa.

Uani pakawa kimya. Nilimsikia Sundus akivuta pumzi kama aliyechomwa na kitu. Nadhani alikuwa amerudi Namirembe Road, na mvua, na Mama pembeni yake.

"Kaka, ni mguu wangu?" aliuliza. "Nilikanyaga vibaya?"

"Washa tena," nilimwambia. Breki kuwa ngumu, injini kufa ukiikanyaga: hata anayejifunza kazi angejua pa kutazama. Kuna mpira unaotoka kwenye injini kwenda kwenye busta ya breki, inayoifanya breki iwe laini mguuni. Ukipasuka, injini inakunywa hewa, na kila ukikanyaga breki inakunywa zaidi.

Injini ilipowaka tena, niliinama nikatega sikio. Palikuwa na mlio mwembamba nyuma kabisa, karibu na ukuta wa injini. Nikapitisha mkono wa kushoto chini ya mipira mingine, mahali ambapo jicho halifiki. Vidole vikatambua kabla yangu.

Kwanza niligusa mpira laini wa tyubu ya baiskeli uliozungushwa kama bandeji. Juu yake waya mwembamba wa shaba, mizunguko mitatu, na ncha zake zimesokotwa kinyume cha vile wasokotavyo watu.

Mimi ni wa mkono wa kushoto. Mama alinipiga vidole hivyo kwa kijiti cha kusomea tangu nina miaka minne, mpaka nikaweza kula na kuandika kwa kulia. Kwenye spana alishindwa. "Basi mkono huo uwe wa kazi," alisema, "na kazi yake iwe ya halali." Kisenyi nzima hakuna mwingine asokotaye waya hivi. Wenzangu wakifungua gari na kuukuta, huniita wanitanie.

Nilikumbuka kila kitu. Ramadhani ya mwaka juzi, nusu saa kabla ya kufuturu, nilipita kumwona Mama akaniambia breki zimekuwa nzito. Nikaukuta mpira umepasuka. Gereji nina bunda zima la mpira huo, limening'inia kwenye msumari, na kila siku nawakatia wateja. Lakini gereji ilikuwa chini huko Kisenyi na futari ilikuwa mezani. Nikakata tyubu ya baiskeli, nikafunga. "Hii ni ya wiki moja, Mama," nilimwambia. "Nitaleta mpya." Akanishukuru na kuniombea dua ndefu. Ndivyo tulivyo sisi mafundi. Gari la mteja linapewa kipya, la nyumbani linapewa kiraka, kwa sababu nyumbani hawakudai. Nikasahau. Kila nilipomuuliza gari linaendeleaje alijibu, "Alhamdulillahi, linakwenda," na mimi nikaridhika na jibu hilo kwa kuwa lilikuwa jepesi kwangu.

Nilichukua koleo nikaubana mpira kati ya injini na kiraka changu. Mtetemo ulikoma papo hapo. Nikaachia, ukarudi. Nikabana tena. Nilifanya hivyo mara tatu, ingawa mara moja ilitosha.

"Imetulia!" Sundus alipaza sauti. "Umeona nini?"

"Bado."

Sikuwa nimemdanganya hivyo tangu tukiwa watoto. Boneti ilikuwa kati yetu. Ningeweza kukata kiraka kile, nikatia mfukoni, nikamwambia ni mpira umechakaa tu, gari ni la zamani, si wewe wala si mtu. Ingekuwa nusu ya ukweli, naye angelala usingizi. Ningeweza hata kumwambia siku ya Mama ilikuwa imefika. Maneno niliyomnyima siku arobaini sasa nilikuwa nayataka kwa ajili yangu mwenyewe. Hapo ndipo niliposikia aibu ambayo sijapata kuisikia maishani.

"Zima," nilimwambia. "Shuka uje."

Akaja akasimama kando yangu. Nilikata waya, nikakitoa kiraka, nikakiweka kwenye kiganja chake. Tyubu ilikuwa imeoza, imepasuka urefu wa kidole.

"Unaona waya ulivyosokotwa?"

Aliutazama. Alikulia na mimi, hakuhitaji kuelezwa. Macho yake yakahama kutoka kwenye waya hadi kwenye mkono wangu.

"Si petroli," nilisema. "Si mguu wako. Ni mimi. Nilimwambia ni ya wiki moja." Nikashika ukingo wa gari. "Na siku zote hizi nilikuwa nakuhesabia kosa wewe, Sundus. Nilikuwa nakuona wewe ndiye uliyemuua Mama."

"Nilijua," alisema. "Hukunywa hata maji."

Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane. Alikaa juu ya kizingiti cha jiko, kiraka bado kiganjani.

"Ilianza kutetemeka tangu mwezi wa pili," alisema polepole. "Nilimwambia Mama tukuite. Akakataa. Akasema Jumapili ndiyo siku yako pekee ya kulala, na mgongo wako unauma, na ukija utalala chini ya gari kutwa nzima bila kulipwa. Akaniapisha nisikwambie. 'Ukimwambia atakuja,' alisema."

"Ungeniambia tu!" Nilifoka. Hata pale nilifoka, sijui nimeumbwa vipi.

"Ningekwambia lini, Kaka? Ulikuwa unasimama mlangoni na ufunguo mkononi."

Nikageuka ukutani nikalia, mikono imejaa grisi, nikashindwa hata kujifuta uso. Mama alikuwa ananihurumia usingizi wangu. Alivumilia gari linalomzimikia, mwezi wa pili, wa tatu, wa nne, ili mimi nilale Jumapili. Na kweli nililala. Jumapili zote hizo nililala mpaka adhuhuri.

Baadaye nilifungua boksi langu. Kipande cha mpira mpya kilikuwamo, chini ya spana, kimebaki kwenye kazi ya mteja mmoja. Nikakipima, nikakata, nikakifunga kwa klipu mbili mpya. Sundus alikuwa ananitazama.

"Imechukua muda gani?" aliuliza.

"Dakika tano."

Alitikisa kichwa. Akafunga kiraka kwenye kitambaa cha jikoni, akakitia mfukoni mwa gauni lake. Sikumuuliza anakipeleka wapi.

"Endesha wewe," alisema. "Unipeleke kwa Mama."

Njia ya makaburini inashukia Namirembe Road, na Jumapili ile hapakuwa na foleni kubwa. Tulipofika pale lilipozimika siku ile, Sundus alinionyesha kwa kidevu tu. Magari ya mbele yalisimama. Nilikanyaga breki, na breki ikashuka laini chini ya mguu. Gari likasimama, injini ikanguruma taratibu, haikuyumba, haikushuka. Nilisubiri izimike. Nilikuwa na akili zangu timamu, nilikuwa nimelitengeneza kwa mkono wangu, na bado nilisubiri izimike. Haikuzimika. Ilikuwa inaendelea hivyo, tulivu, kama ambavyo ingekuwa siku ile kama ningekuja Jumapili moja tu.

Magari ya mbele yakaondoka. Mguu wangu haukunyanyuka kwenye breki. Nyuma yetu bodaboda akapiga honi, kisha teksi, kisha wote.

"Kaka," Sundus aliniita. Aliweka mkono wake juu ya mkono wangu wa kushoto, ule wenye grisi, palepale kwenye usukani. "Waache wapige. Ukiwa tayari, twende."

Nilikaa hivyo, injini ikinguruma, mpaka machozi yalipopungua nikaweza kuona barabara.