Mlima Kwenye Karatasi

Siku dada aliponituma kisimani kwa mara ya mwisho, nilikuwa nampaka mafuta ya mgando miguuni. Visigino vyake vilikuwa vimepasuka. Nilikuwa nimeinamia unyayo wa kushoto aliposema, "Chupa iko juu ya kabati. Leo ndiyo tarehe."

Dada alikuwa mtaalamu wa kemia ya miamba na udongo. Kazi yake ilikuwa kutafuta mafuta ya petroli mahali yasipotakiwa: kwenye mchanga, kwenye matope ya mifereji, kwenye maji ya kunywa. Kisima chetu alikipima kila baada ya miezi mitatu, maana hatua arobaini juu yake kuna gereji ya mjomba, na mjomba amekuwa akimwaga oili chafu kwenye shimo nyuma ya gereji tangu tukiwa wadogo. Mara saba dada alipima, mara saba hakuona kitu. Ya nane, ugonjwa ukiwa umemlaza, nilichota mimi.

Naandika nisije nikachanganya, ingawa tayari nachanganya. Chupa ilikuwa ya kioo, si ya plastiki. Hilo nalikumbuka. Niliijaza mpaka mdomoni, nikaweka foili chini ya kifuniko. Na hilo nalikumbuka. Mikono je? Kuna siku naiona kabisa ikiwa na povu la sabuni. Siku nyingine naiona inang'aa mafuta.

Siku tisa baadaye dada alifariki.

Wiki ya tatu ya msiba, mwenzake wa maabara, tuliyezoea kumwita Miwani, alikuja na bahasha ya majibu ya chupa ile. Ndani kulikuwa na karatasi yenye mstari mmoja. Mstari ulitambaa chini, kisha ukapanda mlima mkubwa.

"Hayo ni mafuta," Miwani alisema. "Mengi."

Mama alikuwa anakunywa maji. Alikitua kikombe mezani polepole, akabaki anakitazama.

Mjomba aliitwa, akaja na ovaroli lake. "Kwa hiyo nimemuua mpwa wangu? Semeni tu!"

"Hakuna aliyesema hivyo, mzee."

"Mimi nafungua injini tangu wewe hujaota hayo meno unayonionyeshea karatasi!"

"Karatasi naionyesha kwa mkono, mzee."

Mama akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi, na papo hapo akajiziba mdomo kwa khanga, akaanza kulia. Hapo ndipo nikasema kwamba siku ile nilikuwa nimetoka kumpaka dada mafuta.

Miwani alivua miwani yake. "Ulinawa?"

"Sijui."

"Sijui ya ndiyo au sijui ya hapana?"

"Sijui ya sijui."

Akaivaa tena miwani. Kisha akatueleza kwamba mafuta ya mgando na oili ya injini ni ndugu wa tumbo moja, vyote vimetoka kwenye mafuta ya ardhini, na kwenye kipimo kile milima yao husimama mahali pamoja. Huenda mlima ule ulikuwa wa mikono yangu. Huenda ulikuwa wa shimo la mjomba. "Tuchote tena. Mpaka majibu yatoke, mama, usinywe maji ya kisima."

Asubuhi iliyofuata nilisugua mikono mpaka ikawasha. Mjomba alisimama mbali, mikono mfukoni. "Asinisogelee mtu," alisema, "msije mkasema nimetia kitu." Sikujua niombe nini. Maji yakiwa safi, basi dada alihangaika bure na mimi ndiye niliyeharibu. Yakiwa machafu, mama amekuwa akiyanywa.

Baada ya wiki mbili Miwani alirudi na karatasi ya pili. Mlima haukuwepo. Palibaki kichuguu kidogo.

"Hiki ni cha oili iliyoungua ndani ya injini," alisema, akikigusa kwa kalamu. "Mafuta ya kujipaka hayana hiki. Ni kidogo, lakini ndiyo kwanza inaanza kufika kisimani."

Mjomba aliishika karatasi muda mrefu. Aliondoka bila kuaga. Jioni tulimwona amebeba boneti ya gari kuukuu kichwani. Akakifunika kisima nayo, akaweka mawe juu. Kisha akamuuliza Miwani, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Lile shimo, mwanangu, nalifukuaje?"

Nilimsindikiza Miwani hadi barabarani. "Mafuta hayo ndiyo yaliyomuua dada?"

"Karatasi haisemi hivyo."

"Inakataa?"

"Wala haikatai."

Akatoa ile karatasi ya kwanza aichane, kwa kuwa sampuli yake ilikuwa imeharibika na haifai kwa kazi. Nikamwomba anipe.

Ninayo hapa. Mlima ule mkubwa ni mafuta ya miguu ya dada. Unyayo wa kushoto niliumaliza. Wa kulia, najaribu kila siku, sikumbuki kama niliupaka.