Sauti Iliyomshinda Mwimbaji

Mshona mapazia alikuwa na miaka sitini na kitu, magoti mabovu, na ulimi usio na breki. Siku aliposikia redioni kwamba ile bendi ya magitaa ya umeme ya enzi za ujana wake inarudi jukwaani kwa onyesho moja la mchana, alipiga kigelegele hadi jirani akaja mbio kuuliza nani kaolewa.

Mwanawe wa mwisho, meneja wa benki, mtu wa kuvaa tai hata Jumamosi, hakuona cha kushangilia.

"Mama, ile ni roki. Watu wanaruka, wanapiga mayowe. Wewe una wajukuu!"

"Kwani wajukuu wameniziba masikio?"

"Sasa watu wakikuona pale?"

"Watakuwa wamemwona mama yako. Kama unanionea haya, nishushe kwenye kona, nitajikokota mwenyewe."

Meneja alikaza tai yake. Hakujua kisa cha mama yake na bendi ile, maana kilipotokea alikuwa bado ananyonya.

Mume wa mshona mapazia alikuwa amefariki ghafla, kaburi halijakauka. Mashemeji wakaingia dukani, wakajikalia juu ya majora ya vitambaa bila kukaribishwa, wakaanza kupanga. Mwanamke hawezi kuendesha duka. Afunge, arudi kwao, watoto wagawanywe kwa baba zao wakubwa na wadogo. Mshona mapazia alikuwa ameinamia meza ya kukatia, machozi yanalowesha kitambaa cha watu. Redio iliyokuwa mezani ikaanza kupiga wimbo wa bendi ile, ule wa taratibu. Gitaa linalia peke yake, ngoma zinaingia kwa mbali, kisha mwimbaji anapanda, anapanda, mpaka pale juu kabisa anapotamka neno moja tu, "Sinyamazi," na sauti inapasuka kama jora jipya linalochanwa.

Mshona mapazia aliinua uso. Akanyoosha mkono, akazungusha kitufe cha redio mpaka mwisho. Mashemeji wakabaki wanafumbua na kufumba midomo kama samaki, hakuna anayesikika. Mkubwa wao alisimama, akamnyooshea kidole. Yeye akakanyaga cherehani, akashona. Walipochoka waliondoka. Watoto hawakugawanywa, na duka halikufungwa hata siku moja.

Siku ya onyesho ilipofika, alimpitia shoga yake, mkunga mstaafu, ambaye naye alikuwa na yake. Mkunga huyo aliwaimbia wimbo ule wanawake wengi waliokuwa wamekata tamaa kwenye kitanda cha kujifungulia. "Nusu ya vijana wa mji huu," alipenda kusema, "wamezaliwa wakiusikia, halafu wanajifanya hawaujui."

Ukumbi ulijaa mvi na vipara. Majaketi ya ngozi ambayo vifungo vyake havikutani tena yalikuwa yametolewa masandukuni. Meneja aliingia "kuhakikisha usalama tu," akakaa kando ya mama yake, amekunja mikono.

Bendi ilipiga, watu wakacheza walivyojaliwa. Kisha mshereheshaji akashika kipaza sauti. Alisema mwimbaji amefanyiwa upasuaji wa koo, kwa hiyo ule wimbo wa taratibu hautaimbwa leo. Akawashukuru wote, akawatakia safari njema. Nyuma yake mwimbaji, mzee mrefu aliyekonda, alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu aliyekamatwa na kosa.

Ukumbi ukapoa. Wengine walianza kutafuta mikoba yao. Mshona mapazia akapanda juu ya kiti.

"Mama, shuka!" meneja alinong'ona kwa ukali.

"Nishike mguu, basi, kama unaogopa nitaanguka." Kisha akapaza sauti kuelekea jukwaani: "Wewe mwimbaji! Nani amekuomba uimbe? Waambie wenzako wapige magitaa. Tutaimba wenyewe!"

"Mama yangu, tafadhali ukae," alisema mshereheshaji. "Ratiba imeshapangwa."

"Mrudishie ratiba yake aliyekupa. Mimi sinyamazi!"

Kicheko kilipasuka, kikageuka kuwa makofi. Mwimbaji akasogelea kipaza sauti. Sauti yake ilikwaruza kama kokoto ndani ya ndoo. "Dada yangu, nitawaharibia. Pale juu sipafikii tena."

"Unaharibu nini?" alimjibu. "Tumeuimba jikoni, wodini, misibani, kwa sauti mbaya kuliko hiyo yako, na wimbo bado mzima. Pigeni!"

Mpiga gitaa hakusubiri ruhusa. Uzi wa kwanza ulipolia, ukumbi mzima ulivuta pumzi. Wakaanza chini, kila mtu na ufunguo wake. Mkunga alifumba macho, machozi yanamtiririka, mkono wake ukipapasa hewa kana kwamba kuna mtu wa kumtuliza. Mwimbaji naye aliimba, akakwama, akaendelea. Walipofika pale juu kabisa, hakuna aliyepafikia. Sauti zilipasuka, zikapiga kona, zikagongana, lakini neno lenyewe lilitoka, na madirisha yakatetemeka.

Hapo ndipo mshona mapazia alipotazama chini. Mwanawe alikuwa bado ameukumbatia mguu wake, tai imekwenda upande, anaimba. Maneno yote anayajua. Alikuwa ameyasikia kupitia ukutani, pamoja na mlio wa cherehani, kila usiku wa utoto wake.

"Ulikuwa unaimba nini vile, Mama?" alimuuliza muziki ulipotua. "Mimi nilidhani unatubembeleza tulale."

"Nilikuwa nawafukuza baba zako wadogo," alisema. "Nitakuhadithia garini."

Mshereheshaji alirudi kufunga shughuli. Wakamzomea. Mwimbaji akamwondoa kwa upole, akauliza, "Tangu mwanzo?" na paa likaitikia.

Asubuhi yake mshona mapazia hakuwa na sauti hata ya kuitikia hodi. Wateja walipoingia na kuuliza, aliwaonyesha mapazia kwa kidole, shingo ameinyoosha kama bibi harusi.