Vitabu vya Ukimya Mnadani

Lucia alikuwa mwanamke wa kelele, na hilo alilisema mwenyewe kabla hujamsema. Mashine yake ya kusaga ilikuwa pale mtaa wa Ramadhani, mjini Njombe, na tangu asubuhi hadi giza linaingia ilinguruma kiasi kwamba wateja waliagana naye kwa kupunga mikono. Hata kanisani watu walimsalimia kwa kupaza sauti, utadhani kaja na mashine chini ya kitenge. Watoto wa mtaa walimwita Mama Sembe. Yeye aliwaita Pumba, wakapatana.

Basi siku moja umeme ulikatika, mashine ikiwa na mahindi ya mtu tumboni. Wateja wakatoka nje kwenda kulaumu. Lucia akabaki amekaa juu ya gunia, vumbi la unga likishuka taratibu kwenye mwanga wa mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu amzike mumewe hakusikia mtu wala kitu kikimhitaji. Hakuomba, hakuimba, hakulia. Alikaa tu, akawa na hakika kwamba hayuko peke yake mle ndani. Umeme uliporudi, alikasirika. Mwenye mashine kukasirikia umeme kurudi, hapo ndipo alipojua kwamba jambo limempata.

Alipokwenda Makambako kutafuta mkanda mpya wa mashine, akapita kwa Nasma. Nasma aliuza vitabu karibu na stendi, katikati ya fundi betri na mama wa chapati. Alikuwa mtu wa Kondoa, aliyeletwa Makambako na mume dereva wa lori. Lori lilipata ajali, mume akafa, Nasma akabaki na watoto, vitabu na mdomo. Lucia alimweleza yaliyomkuta juu ya gunia, akiwa tayari kuchekwa. Nasma hakucheka papo hapo. Kwanza alimvutia kigoda.

"Hilo lina vitabu vyake, mama," alisema. "Tena vya siku hizi, vya watu wenye simu na foleni kama sisi. Usidhani ni wewe peke yako uliyekutwa na Mungu umekalia gunia. Ila wenzako walikaa kwenye mkeka, walijiandaa."

Hapo ndipo akacheka.

Lucia alimuuliza, yeye Mwislamu vitabu vya Wakristo anavijuaje. Nasma akajibu kwamba duka likipoa mchana anavisoma vyote, vya kwao na vya wenzao, na kwamba waandishi wakishafika kwenye kunyamaza huanza kufanana, kama ndugu waliogombania shamba wakasahau sababu. Naye hakupendekeza kwa kutazama jalada. Alimtazama mtu. Chembamba, cha mtawa mfuga nyuki, kilikuwa cha mtu mwenye haraka, maana kila sura inakwisha chai haijapoa. Cha mama aliyemuuguza mwanawe hadi mwisho kilikuwa cha mtu ambaye kilio chake kimeganda. Kile kinene chenye picha ya ngazi asimpe mtu kwanza; mwandishi wake anajua mengi, na anataka ujue kwamba anajua. Kulikuwa na cha bwana aliyepinga sala ya kimya nusu ya maisha yake, kisha akaja kuiandikia kitabu kizima. Hicho, Nasma alisema, kitafutie mbishi. Na kile cha kumkumbuka Mungu kwa kila pumzi, kilichoandikwa na mama wa Kiislamu, Lucia alikichukua chake mwenyewe, akakisoma ndani ya basi hadi Njombe bila kuona miti.

Miezi ikapita. Kina mama kadhaa wa usharika wakaanza kukutana kwa Lucia kila Alhamisi jioni, mashine ikishazimwa, wanasoma kurasa chache, kisha wananyamaza pamoja. Kikundi kikakua hadi wengine wakakaa kwenye mizani. Ndipo Lucia alipokwenda kuomba ukumbi wa kanisa kila Jumamosi asubuhi.

Ukumbi ulikuwa mikononi mwa Mzee Ambrose, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Mzee Ambrose alikuwa na mashamba ya miti Kifanya na maoni juu ya kila kitu. Alisema kunyamaza si kusali, kwamba maisha yake yote hajaona Mlutheri aliyekaa kimya ila amesinzia, na kwamba vijana wa kwaya wanautaka ukumbi Jumamosi hizo hizo, wana spika mpya. Lucia akabishana naye kwa heshima mpaka mzee akalegeza kidogo. Watajaribu Jumamosi moja, ile inayofuata Sikukuu ya Mavuno. Mabenchi ya mbele yakijaa, ukumbi wao. Yasipojaa, wa kwaya, na asisikie tena habari hiyo.

"Yatajaa, mzee," Lucia alisema.

Wenzake wa Alhamisi walipomuuliza njiani yatajaa na nani, aliwaambia wamwachie. Mpango anao. Aliagiza kwa Nasma boksi la vitabu, avigawe mapema, kila mtu na cha kwake, maana aliamini mtu akishakisoma kimoja atakuja mwenyewe kuuliza.

Enoki, shemeji yake aliyekaa kijiji cha Kichiwa, alikuwa anapita Makambako na pikapu, akakubali kuvileta Jumapili ile ya Sikukuu ya Mavuno, pamoja na sadaka yake ya parachichi. Nasma akavipanga kwenye boksi la parachichi, akalifunga kwa kamba ya bluu. Na nani angemlaumu? Siku hizi Njombe kila kitu kinasafiri kwenye boksi la parachichi, kuanzia vifaranga hadi sahani za harusi.

Enoki alichelewa. Akayashusha maboksi yote mlangoni mwa kanisa, akaenda kutafuta pa kuegesha gari. Wahudumu wa zamu wakaona maboksi ya parachichi, siku ya mavuno, mlangoni. Wakayabeba hadi madhabahuni. Mchungaji akanyoosha mikono akabariki mahindi, maboga, viazi, kuku waliofungwa miguu, na vitabu vya Lucia. Lucia alikuwa katikati ya wimbo alipoiona kamba ya bluu. Sauti yake ikakatika, na jirani yake akadhani ameguswa na Roho.

Sasa, mtu wa usharika ule hahitaji kuelezwa. Kilichowekwa mbele ya madhabahu na kuombewa si cha mtu tena. Kinatoka kwa njia moja tu, mnada wa baada ya ibada, pale uwanjani. Lucia alimfuata mchungaji mlangoni, akamweleza. Mchungaji alimsikitikia sana, ila akasema sala hairudishwi kama chenji. Enoki alisimama pembeni kofia mkononi, anatazama viatu vyake.

Mnadi alikuwa Brayson, mpiga debe wa zamani wa stendi ya Makambako. Bwana alimwokoa, sauti akamwachia. Aliuza kuku, akauza maboga, akakata kamba ya bluu akitarajia parachichi. Akanyamaza. Watu waliokuwa wanaondoka wakageuka kuona kimempata nini.

"Vitabu," alisema hatimaye, akiinua kile kinene cha ngazi. "Haya, kizito, hakijatoboka, hakina wadudu. Nani anaanza?"

Uwanja ukaangua kicheko. Mtu mmoja nyuma akasema kitamfaa kuzuia mlango. Mzee Ambrose hakucheka kwa sauti, ila mabega yake yalicheka. Kina mama wa Alhamisi wakamtazama Lucia, na Lucia aliona nyuso zao zinaaga ukumbi.

Alijifunga kitenge vizuri akaenda mbele.

"Brayson mwanangu, unauza vitabu kama viazi," alisema. "Nipishe."

Kwenye mnada ule ukitajwa jina umeshanunua. Kukataa mbele ya usharika ni kujitia aibu ya mwaka mzima. Lucia alilijua hilo, na sauti ya kushindana na mashine alikuwa nayo. Akafanya kama Nasma. Akawatazama watu. Cha mfuga nyuki akampa Oktavia, mwalimu ambaye hata mazishini hutazama saa. Kingine akamtajia Yusto muuza mbao, kingine muuguzi, kingine mwenyekiti wa kwaya yenyewe, na kila alipotaja alieleza kitabu kwa maneno machache, kwa utani kidogo, mpaka watu wakaanza kunyoosha mikono kabla ya kutajwa. Cha yule mama aliyemuuguza mwanawe hakukinadi. Alishuka nacho, akakiweka mkononi mwa Bertila, aliyezika mtoto masika iliyopita, na dada yake Bertila akainua mkono kukilipia.

Ukiacha kile cha ngazi, kikabaki cha mbishi.

"Mwandishi wa hiki alisema kunyamaza si kusali," Lucia alisema. "Alisema hivyo miaka mingi, kwa sauti kubwa. Mzee Ambrose, nadhani mnafahamiana."

Watu walishikana mabega kwa kucheka. Mzee Ambrose alitazama kushoto, akatazama kulia, akainua mkono.

"Nitakisoma," alisema, "nikuonyeshe alipokosea."

"Jumamosi, mzee. Uje nacho. Na wengine wote, maswali yenu ni Jumamosi."

Jumamosi ukungu ulikuwa umelala hadi kwenye mabati. Lucia hakuwasha mashine, na majirani wakaulizana nani amefariki. Ukumbini walikuja wa Alhamisi, wakaja wa mnada, kila mtu na kitabu chake kwapani kama mwanafunzi. Brayson alikuja na kile cha ngazi, kilichokosa mtu, akalalamika kwamba hakielewi hata kidogo. Mabenchi ya mbele yakajaa, ya pili yakaanza kujaa. Mzee Ambrose alikuwa ameshakaa, njiti ya kiberiti imekaa katikati ya kurasa, akitaka waanze na makosa ya mwandishi. Lucia akamwambia makosa yatafuata. Kwanza wanyamaze.

Wakanyamaza. Mwanzo ilikuwa kukohoa na benchi kulia. Kisha kikaja kile kitu cha juu ya gunia, polepole, kama unga unavyoshuka.

Hapo nje kwaya ikawasha spika kujaribu. Moja, mbili, moja, mbili. Lucia hakufumbua macho. Alisikia benchi la mbele likiinuka, hatua nzito zikienda mlangoni, na sauti ya Mzee Ambrose ikiwaambia vijana wazime kitu hicho, watu wanasali humu.

Spika zikazimwa. Mlango ukafungwa taratibu, benchi likapokea mtu wake.

Walipotoka, mzee alimsubiri Lucia uani, njiti ya kiberiti imesogea mbele kidogo.

"Kamwene, mama," alimsalimia kwa Kibena, kana kwamba ndiyo wanaonana sasa. "Huyu bwana bado sijammaliza. Itabidi Jumamosi ijayo."

"Karibu, mzee," Lucia alisema. "Uwahi tu. Ufunguo unao wewe."