Mtihani wa Kikombe Kimoja cha Chai

Alhamisi, tarehe 12 Machi. Asubuhi ukungu ulitanda hadi madirishani, na jua lilipojitokeza lilikuta nguo zangu bado zinadondosha maji kambani. Nilisali huku nikizigeuza. Niliomba jambo moja tu: jioni swichi yangu isishindwe.

Nina miaka hamsini na mbili. Mchana napokea wagonjwa kwenye dirisha la zahanati, jioni nasoma mambo ya mitandao. Swichi ni kisanduku chenye matundu ya waya: hupokea ujumbe wa kompyuta hii na kuufikisha kwa ile. Mtu mwenye nia mbaya hukimwagia ujumbe wa uongo kwa maelfu, kila mmoja ukijidai umetoka kwenye kompyuta mpya, mpaka kisanduku kinaelemewa na wenye haki hawahudumiwi tena. Mtihani wetu ulikuwa kukilinda.

Mama yangu aliposikia nimerudi shule alicheka hadi akashika mbavu. Yeye Zaburi zote anazozijua amezishika kwa masikio. Kusoma hajui, na kila nikimsihi aende kisomo cha watu wazima, husema macho yake yameshastaafu. Safari hii alikubali: nikifaulu, naye ataanza. Nikifeli, nisimsumbue tena. Mara ya kwanza nilifeli. Hii ilikuwa ya pili, na hakuna ya tatu.

Kila mwanafunzi huchagua kompyuta moja isiyo na hatia, ambayo lazima iendelee kufanya kazi wakati wa shambulio. Nilichagua ile ya darasani iliyomwonyesha mama, akizungumza nasi kwa video kutoka kwa dada yangu. Mshambuliaji alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, seremala tunayesoma naye. Kompyuta yake na ile ya mama zilikuwa meza moja, na zote mbili zilitumia waya mmoja tu, ulioingia tundu la nne la swichi yangu.

Mwalimu hatumii saa. Anapima kwa kikombe cha chai: chai ikiisha, mtihani umeisha.

"Shemeji, sali kabisa," seremala akaniambia, "maana leo nakulaza na viatu."

Mama akamjibu kutoka kwenye skrini kwamba kiti alichomtengenezea bado kinayumba, kwa hiyo asitishe watu. Darasa zima likacheka.

Shemeji akabonyeza. Swichi ikaona wageni, ikalifunga tundu la nne papo hapo, kama nilivyoiagiza. Nikainua mikono kushukuru. Kisha nikaona skrini ya mama imeganda, mdomo wazi, katikati ya kicheko.

"Shemeji," seremala akasema kwa upole, na upole huo ndio ulionitia baridi, "nani amemfukuza mama? Mimi au wewe?"

Ni mimi. Yeye alitaka mama akose huduma, nami nilikuwa nimemmalizia kazi.

Mwalimu akapiga funda.

Nikafumba macho. Sikuomba muujiza, niliomba utulivu. Ndipo nikaliona dirisha langu la zahanati. Watu wakisukumana pale, siifungi zahanati. Nawaita walioandikishwa, wengine hawapiti. Nikalifungua tundu, nikaiandikia swichi anwani mbili za kweli za meza ile, ya kompyuta ya mama na ya shemeji, pamoja na agizo jipya: ujumbe wa mgeni utupwe, tundu libaki wazi. Nikakosea herufi mara mbili. Mwalimu alikuwa akipuliza chai ambayo nina hakika ilishapoa.

Mama akarudi, akauliza mbona tumenyamaza kama tuko msibani. Shemeji akamwaga tena, akaongeza, mwisho akasimama ili abonyeze vizuri. Mama aliendelea kukisema kiti, na kila neno tulilisikia. Mwalimu akameza mabaki, akakipindua kikombe juu ya meza.

"Umefaulu," akasema.

Namshukuru Mungu, nililia bila aibu. Shemeji akanikumbatia, akaahidi kiti atakitengeneza upya. Mama akaanza habari za macho yake, kisha akaona darasa zima limesogea karibu na skrini, linamsubiri. Akakiweka sawa kitambaa cha kichwani.

"Basi nisikieni nyote, mje mnishuhudie," akasema. "Jumatatu naenda kisomo, na nitakaa kiti cha mbele. Zaburi ya kwanza nitakayoisoma mwenyewe nitamsomea huyu binti yangu, naye asinisaidie hata neno moja."