Bolti Iliyorudishwa Tunduni

Giaboksi ilikuwa imekataa. Betri ilikuwa imeshatolewa, na shafti mbili zinazozungusha magurudumu ya mbele, na nyaya zote, lakini bado iling'ang'ania injini. Injini yenyewe ilining'inia kwa mnyororo, na jeki ilisubiri chini.

Fundi alilala chali uvunguni, mgongo umekufa ganzi. Gari lilikuwa la mkwewe. Ni hilo tu lililokuwa na mlango wa kuteleza, mpana kiasi cha kuingiza kiti chake cha magurudumu, na bila hilo mzee haendi kusafishwa damu. Mtaalamu wa kufufua giaboksi alikubali kuipokea kwa sharti moja: ganda lifike zima. Likipasuka, hakuna jingine. Magari ya aina hiyo yalikwisha kitambo.

"Shemeji, tukague bolti upya," alisema mdogo wa mkewe, kichwa kimezama kwenye boneti.

"Nimezitoa mwenyewe. Usinifundishe kazi."

"Nani akufundishe wewe? Giaboksi yenyewe imeshindwa."

"Tia mtaimbo, acha maneno."

Mtaimbo ukaingia kwenye mwanya. Shemeji akaegemea. Kitu kikalia, kidogo, kama jino linalosagwa.

"Hiyo nini?"

"Kutu," alisema fundi. Hakuamini, ila alikuwa amechoka mno kutafuta jibu lingine.

Fundi huyu hakuwa na bakuli la bolti. Kila aliyoitoa aliirudisha kwenye tundu lake na kuizungusha kidogo kwa vidole, isipotee wala isichanganyike na nyingine. Mazoea hayo yalikuwa yamemwepusha na usumbufu mwingi. Yalikuwa na mwiko mmoja tu: bolti zinazofunga giaboksi kwenye injini hazirudishwi mpaka hivyo viwili viachane.

Akaikumbuka simu. Mkwewe alikuwa amepiga kuuliza kama gari li tayari, kisha akauliza tena swali lilelile kwa maneno mengine. Fundi alimjibu simu ikiwa mkono huu, bolti ikiwa mkono ule. Na mkono ule haukusubiri kuagizwa.

"Toa mtaimbo," alisema. "Taratibu."

Akapeleka vidole nyuma ya giaboksi, pale jicho lisipofika. Kichwa cha bolti kilikuwepo. Kilizunguka bila spana, bolti ikatoka, ikadondoka chini.

Giaboksi ikateleza, ikakaa juu ya jeki bila ubishi. Fundi alilowesha kitambaa kwa petroli, akafuta ukingo wa ganda, akaburuta ukucha juu ya alama ya mtaimbo. Akarudia upande wa pili. Ukucha haukunasa popote. Mkwaruzo tu.

"Ni zima," alisema, akafumba macho palepale chini.

Shemeji aliinama akaokota bolti. "Hii ilikuwa wapi?"

"Nilipoirudisha."

"Wewe?"

"Mimi. Uliniambia tukague, nikakufokea."

Shemeji aliigeuzageuza bolti. "Mzee akiuliza mbona tumechelewa?"

"Mwambie ganda ni zima."

"Na akiuliza tena?"

"Akiuliza tena, mwambie kuuliza tena ndiko kulikotuchelewesha."

Shemeji alicheka kwa pua, kisha akapeleka bolti kwenye tundu lake upande wa injini kama alivyofunzwa. Ghafla akasita.

"Rudisha tu," alisema fundi bila kufumbua macho. "Sasa ruhusa."